Laptop yangu iliyofufuka kwa maombi marefu, Kyuso

Wakuu, habari zenu. Haya sikusimuliwa, yalinikuta mwenyewe. Mama yangu bado yuko hai na nikiongeza chumvi atanikosoa.

Ni mwishoni mwa miaka ya tisini. Niko mwaka wa mwisho chuo, nimekuja nyumbani Kyuso kumalizia project yangu kuhusu vile wakulima wetu huhifadhi ndengu zisiliwe na wadudu. Bila hiyo project, hakuna graduation.

Kazi yote ilikuwa kwa laptop moja kuukuu, nzito kama jiwe la kusagia. Niliinunua Makindu kwa msafiri aliyeniapia haina shida. (Mtu anauza laptop yake katikati ya safari. Jiulizeni kwa nini. Mimi, bingwa wa maswali, siku hiyo sikuuliza.)

Copy nyingine? Hakuna. Najua. Msianze.

Nyumbani hatukuwa na stima, kwa hivyo nilikuwa nachomeka kwa duka la Hassan, mfanyabiashara wa mifugo aliyekuwa na generator ya kuchajia watu betri.

Mchana huo jua lilikuwa linachoma mabati. Laptop ikaanza kulia ndani: ta, ta, ta. Screen ikaganda. Nikazima, nikawasha. Haioni disk.

"Imekwisha hiyo," Hassan akasema. "Ngamia akitoa sauti kama hiyo, sisi tunatafuta kisu."

Mama alikuwa amekuja kununua sukari. Akaniangalia, akaangalia laptop, akatoka. Akarudi na pastor.

Nilitaka kupasuka. Mimi ndiye yule kijana aliyeuliza maswali kwenye Bible study mpaka watu wakaenda nyumbani mapema.

"Izime kwanza, itulie," Pastor akasema. Akaweka mkono juu yake, akaanza. Aliombea wagonjwa, mvua, viongozi wa nchi, mbuzi wa mjane fulani, ndipo akafika kwa laptop.

Nikawasha. Ikawaka!

Duka zima, "Amen!" Hassan naye, "Alhamdulillahi!"

Nikaingiza disketi, nikatoa chapter mbili. Ta, ta, ta. Ikaganda tena.

Pastor alikuwa anangojwa kwa harusi, akaomba kwa kifupi. Nikawasha. Wapi.

"Ulikuwa umefungua macho," mama akanilaumu.

"Mama, disk haijui kama macho yangu yamefungwa."

"Nyamaza, mwana wakwa, mwanangu. Wewe ndiye kizuizi."

Nikaigusa chini. Moto kama sufuria. Ndipo nikaelewa kwamba ilikuwa inataka muda wa kupoa, basi. Maombi ya kwanza yaliipa huo muda, ya pili hayakuipa. Nikawaeleza vizuri, hata nikawachorea kwa kartoni ya sabuni. Hakuna aliyenisikiliza.

Hassan akachukua kufuli. "Nafunga. Ng'ombe wangu wako mnadani, siwezi kukaa hapa kungojea chuma kipoe."

"Na tukiomba?" nikauliza.

"Watu wakiomba siwezi kuwafukuza. Mimi pia namuogopa Mungu."

Na results zangu zote bado ziko ndani. Ningefanya nini?

"Pastor," nikasema, "tuombe tena. Lakini tafadhali, kwa kirefu. Usisahau hata watu wa Nuu."

Mama akaanza kulia kwa furaha. Pastor akasahau harusi. Wao wakafunga macho, mimi nikaiinua laptop juu ya chupa mbili za soda nilizozilaza, ili hewa ipite chini yake. Tulipotoka Nuu tukazunguka Kitui yote, tukavuka mpaka Makueni. Hassan amesimama na kufuli mkononi, anapumua kwa hasira.

Nikawasha. Ikakubali. File ya mwisho iliingia kwa disketi sauti ile ikianza. Laptop haikuwaka tena, hata mama alipofunga kula ili kuiombea.

Jumapili mama akatoa ushuhuda kanisani. Nikasimama kurekebisha, nikaeleza habari ya joto. Kila nikivuta pumzi, wanaitikia Amen.

Funzo ni rahisi: weka copy, kisha weka nyingine mahali tofauti. Na wewe uliyefiwa na disk, tuambie hapo chini ulijaribu nini, hata kama ni aibu.

Mimi mpaka leo nikienda Kyuso naletewa laptop na simu zilizoganda. Hawataki nizitengeneze, wanataka niziombee. Nimechoka kubishana. Nawaambia wazime, waweke juu ya chupa mbili, kisha nafunga macho.

Naomba kwa kirefu sana.