Kiguu na Njia na Kiti cha Keshia

Ofisi ya mke wangu iko juu ya kichwa changu, na sisemi kwa mafumbo. Mimi ni fundi cherehani, duka langu liko chini, ofisi yake ya uwakili iko ghorofani, na katikati yetu kuna sakafu ya mbao isiyojua kutunza siri. Asubuhi mpaka jioni nasikia viatu vyake: dirishani, mlangoni, dirishani tena. Wateja wapya huinua macho na kuniuliza kama huko juu kuna watu wanahama. Nami huwajibu kwamba hapana, huyo ni wakili anafikiri.

Watu wanamwita Kiguu na Njia. Jina lilianzia kwa mawakili wenzake, likashuka ngazi, likaenea mtaa mzima, naye akalipokea kama cheo. Walipotuoza, wazee walisema tutafaana sana, mmoja wa kukaa na mwingine wa kutembea. Labda. Ila wakiishi pamoja mtu anayekaa na mtu asiyekaa, anayechoka ni yule anayekaa.

Alianza na kesi za ardhi, hakudumu. Kesi ya ardhi, alikuwa akisema, hurithiwa kama ardhi yenyewe: baba anaifungua, mtoto anaiendesha, mjukuu anakata rufaa. Akahamia kesi za kazi kwa sababu mtu aliyefukuzwa hana nafasi ya kungoja. Anakuja leoleo, bado yumo ndani ya sare, hajui atamwambia nini mwenzake nyumbani. Shida ya namna hiyo inaendana na damu ya mke wangu.

Ana desturi moja inayoninyima raha. Hasimamii kesi ya mtu kabla hajaenda kusimama pale mtu huyo alipokuwa anafanyia kazi. Amesimama getini na walinzi. Amesimama jikoni hotelini mpaka wapishi wakampa vitunguu amenye. Alipanda juu ya jengo lisiloezekwa, amevaa sketi niliyomshonea kwa mikono yangu, mimi niko chini nimefumba macho.

“Fundi,” aliniambia aliposhuka, “mwajiri atadanganya, na mteja wangu naye ataongeza chumvi. Mahali hapadanganyi.”

“Na ukianguka?”

“Utanishonea nyingine.”

Basi huyo ndiye mtu ninayeishi naye.

Wateja wake husubiri dukani kwangu, maana juu kuna kiti kimoja tu na hicho kimejaa mafaili. Siku moja akaingia mwanamke wa makamo aliyevaa sare ya supamaketi. Kifuani palikuwa na tundu, kitambaa kimechanika pale inapobandikwa beji. Macho ya fundi hayatulii yakiona tundu. Nikamwambia anipe dakika moja nimzibie.

“Acha tu, Baba,” akasema. “Mama Wakili aone kwanza.”

Tangu siku hiyo nikamwita Keshia, na yeye hakukataa. Habari yake niliisikia yote kupitia dari. Alikuwa keshia wa kaunta ya mlangoni kwa miaka. Miguu yake ilikuwa inavimba, akaomba kiti, akaambiwa keshia hakai, mteja atajiona amedharauliwa. Siku moja miguu ikamshinda. Akapindua kreti tupu la soda, akakaa, akaendelea kuhudumia. Meneja akaja, hakuuliza lolote, akainyofoa beji kifuani, akamwita mlinzi. Alitolewa kwa kushikwa mkono mbele ya foleni nzima.

“Nilikuwa nimefungua mdomo niseme ‘anayefuata’,” Keshia akasema. “Sikumaliza.”

Viatu vya mke wangu vikanyamaza.

“Mama, mtu akitolewa kaunta, watu hawaulizi kama alikaa. Wanasema ameiba. Muuza mboga wetu siku hizi haondoi macho mikononi mwangu. Mama mkwe wangu, ninayeishi naye nyumba moja, anakwenda bafuni na mkoba wake.”

“Tutadai fidia, na watalipa,” mke wangu akasema.

“Wakilipa watu watasema nimeiba mara ya pili. Nataka kaunta yangu. Ileile, watu walewale wanione.”

Hapo viatu vikaanza tena, kwa kasi, na vumbi la mbao likanidondokea kwenye kola niliyokuwa naishona. Nilijua sababu. Kumrudisha mtu kazini ndiyo kazi ngumu kuliko zote katika kazi yake. Mwajiri yuko radhi akulipe akusahau kuliko kukuona kila asubuhi ukimkumbusha kwamba alikosea.

Kesho yake akanikokota hadi supamaketi. Alisimama karibu na rafu ya sabuni akizitazama kaunta, mimi nimeshika kikapu. Mwanzoni nilikuwa natazama watu. Kisha nikaanza kutafuta pa kuegemea. Mgongo ukauma, nyayo zikawaka moto, nikanung'unika.

“Unaona?” akaninong'oneza. “Na wewe hujapakia hata kilo moja ya unga. Tazama miguu yao.”

Nikatazama. Chini ya kaunta, pale mteja hapaoni, kila keshia alikuwa amechomoa mguu mmoja kwenye kiatu, anaupumzisha juu ya mwingine, kisha anabadilisha. Juu wanatabasamu, chini wanahangaika. Kwa kweli nilishikwa na hasira, mimi ambaye nimekaa maisha yangu yote na sikuwahi kushukuru. Mlinzi akaja kutuuliza tunatafuta nini. Mke wangu akasema tunachagua sabuni. Mlinzi akatuchagulia moja, akatusindikiza nje.

Siku ya baraza la kazi nilifunga duka nikaenda. Wakili wa kampuni alikuwa kijana mwenye suti ya bei na mikono ya koti inayofika kwenye vidole, aibu tupu kwa fundi wake. Mwamuzi alikuwa mama mmoja mwenye miwani ya kamba. Kila mara alikuwa akisema, “Wakili, tafadhali kaa,” na mke wangu anakaa nusu kiti, kisha anasimama tena kama vile kiti kimemfukuza.

Alipopewa zamu ya kumhoji meneja, hakuzunguka.

“Ni kazi gani ya keshia isiyoweza kufanywa mtu akiwa amekaa?”

“Si suala la kazi. Ni heshima kwa mteja.”

“Mteja gani alilalamika siku ile?”

“Hakuna aliyelalamika. Lakini wangeweza.”

“Ulimwuliza huyu mama kwa nini amekaa?”

“Sikuwa na haja ya kumwuliza. Niliona kwa macho yangu.”

Mke wangu akakaa. Alikaa kabisa, mgongo ukagusa kiti, nami nikaegemea mbele, kwa sababu nilijua hafanyi hivyo ila samaki akishanasa. Huwezi kumfukuza mtu bila kumpa nafasi ya kujieleza. Hilo hata mimi fundi nalijua, kwa kulisikia kupitia dari kila siku.

Lakini kujua si kushinda. Tukitoka, yule kijana wa suti akatufuata koridoni. Kampuni iko tayari kulipa, akasema, tena vizuri, jambo liishe leo, lakini kazini harudi. Keshia akamtazama mke wangu.

“Mama, nikikataa, halafu nikakosa vyote?”

Nilitaka mke wangu aseme neno la kumtuliza. Hakusema. “Inawezekana,” akajibu. “Siwezi kukuahidi.”

Keshia akashika lile tundu kifuani, maana shati lilelile ndilo alilovaa, akatikisa kichwa. “Basi nikose.”

Uamuzi ukakawia. Hizo siku za kungoja, Mungu aniepushe nazo. Huko juu viatu havikutulia, na mimi chini nikaambukizwa: nilishona mkono wa kulia begani kushoto, nikamkatia mteja suruali fupi, nikagombana na cherehani. Mke wangu alikuwa akishuka kuuliza kama kuna aliyepita, anapanda, anashuka tena.

“Kaa, mama,” nikamwambia.

“Nikikaa nitafikiria.”

“Sasa huko juu unafanya nini?”

“Natembea ili nisifikirie,” akasema, akapanda.

Na mimi ninavyowaambia watu kwamba anafikiri!

Tukashinda. Keshia arudishwe kwenye kaunta yake, na apewe kiti. Siku hiyo ndipo aliponikabidhi shati, nikaliziba tundu kwa uzi wa rangi yake mpaka huwezi kujua palichanika wapi. Alilia, mimi nikajifanya natafuta mkasi.

Ningependa kuishia hapo, lakini baada ya majuma machache Keshia alipita dukani akitoka kazini, na alikuwa anachechemea. Mke wangu alimsikia, akashuka.

“Hawajakupa kiti?”

“Wametoa, Mama. Kiti kizuri tu. Kipo ukutani.”

“Sasa?”

“Nikikisogelea, wote wananitazama. Meneja anasimama pale pembeni, hasemi kitu. Wenzangu wanaogopa kwa niaba yangu. Nimeshindwa, Mama. Kesi umenishindia wewe, lakini kukaa kumenishinda mimi.”

Nilidhani mke wangu atamfokea. Aliniambia tu kwamba kesho nisifungue duka. Asubuhi iliyofuata tulikuwa kwenye foleni ya Keshia, yeye mbele, mimi nyuma yake, na watu wengi nyuma yetu. Tulipofika hakutoa kitu cha kulipia. Akazunguka kaunta, akakivuta kile kiti kutoka ukutani, akaketi. Akatulia tuli, mkoba mapajani, mtu ambaye hata harusini kwetu alikula amesimama.

Wale makeshia wengine wakaacha kazi. Meneja akaja mbiombio.

“Mama, hicho ni kiti cha mfanyakazi.”

“Najua,” mke wangu akasema. “Namshikia.”

“Mpaka lini?”

“Mpaka mwenyewe akitake. Leo sina haraka.”

Leo hana haraka! Niliona mguu wake mmoja ukitetemeka chini ya sketi, unataka kuondoka peke yake. Nikaelewa kwamba anaumia pale kuliko alivyowahi kuumia juu ya lile jengo, na kwamba hawezi kumsaidia Keshia zaidi ya hapo. Hakumtazama, wala hakumkonyeza. Meneja alikuwa amefungua mdomo amwite mlinzi.

“Mwenyewe nipo,” Keshia akasema. Akarudia kwa nguvu, foleni yote isikie. “Mwenyewe nipo. Mama, naomba kiti changu.”

Mke wangu aliinuka kabla neno halijaisha. Keshia akakivuta kiti, akakaa, akaweka mikono juu ya kaunta. Meneja alisimama kidogo, akatazama wateja, akaenda kupanga sabuni ambazo tayari zilikuwa zimepangwa.

“Anayefuata!” Keshia akaita.

Anayefuata nilikuwa mimi, na sikuwa nimenunua chochote.