Fimbo Isiyo na Tope

Kaeni vizuri. Kisa hiki hamtakiamini, na wa kwanza kukikana atakuwa shemeji yangu Fusae, huyo hapo anayemenya machenza kana kwamba hasikii. Mwacheni amenye. Miguu iliyotembea ni yake, lakini mdomo wa kusimulia ni wangu, na kisiwa chetu kizima cha Shikoku hajazaliwa wa kunishinda.

Dada yake mkubwa, Matsuno, alipooza upande wa kushoto. Walikuwa wamepanga kuizunguka njia ya mahekalu pamoja, hata kanzu nyeupe za hija zilishashonwa. Fusae akavaa kanzu ya dada yake, akamshika mkono ulio mzima.

"Dada, nitatembea hatua zote, zako na zangu. Sipandi hata baiskeli."

"Wewe? Wewe ukienda dukani unapumzika mara mbili!"

Basi maneno hayo yakamchoma, akaondoka.

Siku ninayoisema mvua ilianza alfajiri. Njia ilipanda mlima ambao mahujaji wenyewe wanauita Mwangusha-Mahujaji, mizizi na utelezi mtupu. Mguu wa kushoto ulijaa malengelenge. Alipoanguka mara ya tatu hakuinuka haraka, akabaki amekaa topeni akimlaumu dada yake kwa kuugua. Wazo lile lilimtisha, akasimama.

Mchana njia ikatokeza kwenye lami, na chini bondeni akasikia lori linakuja. Fusae hakuomba msaada, la. Alikaa tu juu ya jiwe, akavua kiatu, akaushika mguu wake na kukunja uso kama mfiwa. Na mguu alioushika ulikuwa wa kulia, ule mzima!

Lori la magogo likasimama.

"Mama hujaji! Panda. Hii sadaka yangu, usinikatalie."

Kwetu hujaji hakatai anachopewa. Anayempa yeye amempa Daishi, mtawa wa kale aliyeianzisha njia. Fusae aliyajua hayo, ndiyo maana alikaa pale.

"Naogopa kukukatalia, baba," akasema, na mguu mmoja ulishaingia ndani.

Fimbo yake haikuenea mbele. Fimbo ya hujaji, mnajua, ndiye Daishi mwenyewe anayetembea nawe. Dereva akamtupa Daishi huyo nyuma ya lori, akalala na tairi la akiba.

Hekaluni, kabla hujajiosha wewe, unaiosha fimbo. Fusae akamwaga maji kwenye ncha. Yakashuka meupe. Mzee aliyesimama kando yake aliosha yake, maji yakatoka meusi kama mchuzi wa soya.

"Lo, mama! Mlima huu umeupandaje ukabaki msafi hivyo? Uliruka?"

"Nilikuja polepole," Fusae akajibu, na hapo hapo simu ikalia mfukoni.

"Fusae! Kimecheza!"

"Nini, dada?"

"Kidole gumba! Cha mguu mbovu! Mchana huu huu, hata muuguzi kakiona. Ulikuwa wapi wakati ule, mdogo wangu?"

"Nilikuwa... mlimani."

"Nilijua! Ni miguu yako hiyo!" Na Matsuno, ambaye hata kwenye msiba wa mama yao hakutoa chozi, akalia kwa sauti.

Fusae hakupiga kengele wala hakuwasha ubani. Kila aliyemtazama alimwona kama anamtazama miguu. Akageuka, akaanza kushuka kulirudia lile jiwe.

Alipofika penye lami akasikia mngurumo anaoufahamu. Lori linarudi, tupu! Akipewa sadaka tena atakataaje? Akajirusha mtaroni, akalala kifudifudi nyuma ya mianzi, kamkumbatia Daishi. Lori likapunguza mwendo, likasimama.

"Mama hujaji? Ni wewe?"

Fusae akazidi kujibana topeni.

"Naona kofia. Haya basi, kofia, nakuachia wali. Mpe mwenyewe akitokea."

Akaweka tonge lililofungwa kwa mwani, akaenda zake. Fusae alilila akiwa amekaa juu ya jiwe lile lile. Kisha akaupanda mlima upya, sasa kwa goti lililovimba, bila kumlaumu mtu.

Alifika lango likikaribia kufungwa. Akaosha fimbo, maji yakawa meusi. Akapiga simu.

"Dada, kidole kilipocheza nilikuwa ndani ya lori."

"Lori?"

"La magogo. Nilijifanya kiwete."

"Kiwete mimi, unajifanya wewe! Basi kesho panda basi, labda nitasimama."

Fusae hakucheka. "Nimerudi chini, nikapanda tena kwa miguu."

"Na kidole hakikucheza," dada akasema. Kisha sauti ikashuka. "Mdogo wangu, mimi kitandani hapa sioni chochote ila unachoniambia. Niletee yote, hata malori. Usinitembelee uongo."

Hapo ndipo Fusae alipolia, jamani! Alilia pale penye maji mpaka birika la mawe likafurika, watawa wakatoka mbio na ndoo, samaki wa bwawa la hekalu wakaogelea hadi kwenye ngazi, na mmoja wao, mkubwa kama ndama, akapanda ngazi ya kwanza, ya pili, akafungua kiny—

"Samaki gani, shemeji?" Fusae akaacha kumenya. "Kule juu hata bwawa hakuna!"