Wageni wa Mama Filimbi

Kabla hajaitwa Mama Filimbi alikuwa mwalimu wa michezo katika shule ya msingi, mwanamke mwembamba mwenye sauti ambayo mume wake, fundi seremala, alidai ingeweza kupasua mbao bila msumeno. Jina lilimganda siku alipochezesha netiboli ya walimu akamtoa nje mwalimu mkuu wake mwenyewe, mama mwenye cheo na mwili, kwa kumsukuma mpinzani. Wiki iliyofuata alihamishiwa darasa la kwanza, kwenye watoto wasiojua hata kufunga vifungo. Hakujuta.

Enzi hizo mji ulikuwa umelala fofofo. Kiwanda cha nguo kilikuwa kimefungwa, na gesti zilizojengwa kwa ajili ya wanunuzi wa vitambaa zilibaki na funguo zinaning'inia ukutani. Ndipo daktari wa meno mmoja, mstaafu na mgonjwa wa michezo asiyetibika, akaja na wazo la kuanzisha chama. Hakingetafuta faida. Kazi yake ingekuwa moja tu: kuyabembeleza mashindano yaje kufanyika hapo mjini.

"Wageni wakija kucheza watalala, watakula, watanyolewa," Daktari alimweleza Mama Filimbi. "Ukiona vinyozi wana foleni, jua mji umepona."

Mama Filimbi alicheka mpaka akashika mbavu. Kisha akaacha ualimu, akamfuata.

Jioni hiyo mume wake aliweka randa chini. "Na mshahara?"

"Halmashauri ya jiji imeahidi ruzuku."

"Imeahidi?"

"Ndiyo, imeahidi."

"Haya, mama. Basi mimi naendelea kutengeneza vitanda."

Ofisi yao ilikuwa vyumba viwili chini ya ngazi za watazamaji, kwenye uwanja wa mpira wa mji. Timu ya nyumbani ikifunga bao, miguu ya mashabiki ilitikisa dari na vumbi likamwagika kwenye chai. Daktari alifunika kikombe chake kwa kiganja na kuendelea kuongea na simu kama hakuna lililotokea, akiwasifia watu wa mbali mji ambao hawajawahi kuusikia.

Mashindano ya kwanza waliyoyapata yalikuwa ya mpira wa wavu wa wasichana. Fedha za jiji zilitosha ukumbi, waamuzi na mabasi. Lakini timu zilipoanza kushuka, Mama Filimbi alihesabu vichwa mara mbili. Kila timu ilikuwa imekuja na wachezaji wa akiba ambao hawakutajwa, na mpishi wake, na nyingine ilikuja na shangazi wa nahodha, ambaye hakuna aliyethubutu kumuuliza amekuja kufanya nini. Vitanda vilipatikana. Mashuka hayakuwepo. Bibi wa Gesti, mjane aliyekuwa na nyumba kubwa kuliko zote karibu na stendi, alifungua kabati lake akatoa yote aliyokuwa nayo, na bado ikawa si kitu.

Mama Filimbi akajifunga kibwebwe. Alizunguka mtaa wake akigonga mlango hadi mlango. "Jamani, nisitirini! Watoto wa watu watalala kwenye magodoro matupu!"

Walimsitiri. Yalitoka mashuka ya maua, ya mistari, yenye viraka, na moja la hariri ambalo mwenye nalo alikuwa amelificha tangu siku ya harusi yake, akalikabidhi kwa onyo kali. Msichana mmoja, mrefu kama mlingoti, miguu yake ilining'inia nje ya kitanda. Seremala aliitwa. Alimtazama mgeni kuanzia chini kwenda juu, akaenda akarudi na ubao na misumari, akakirefusha kitanda huku msichana mwenyewe akishikilia taa na kucheka.

Siku ya fainali mvua ikanyesha na paa la ukumbi likavuja. Wanawake waliowahi kufanya kazi kiwandani waliteremka uwanjani na matambara, wakapiga magoti, wakakausha sakafu huku wakiimba, na timu zote mbili zikasimama kuwapigia makofi. Mama Filimbi alikuwa mlangoni na ndoo, hajui acheke au alie.

Wageni walipoondoka, kazi ya kurudisha mashuka ikawa vita. Kila mtu alidai lile jipya ndilo lake. Wapo majirani waliosalimiana kwa kununa kwa miaka kadhaa kwa sababu ya foronya.

Baada ya hapo ruzuku ilitoka mwaka hadi mwaka, na chama kikawaleta waendesha baiskeli, wanamieleka, hata wacheza bao wenye maneno mengi kuliko wote. Vinyozi walipata foleni zao. Mama Filimbi alizeeka akiwa kazini, hana habari.

Halafu likaja baraza jipya la madiwani, na ruzuku ikawekwa mezani ijadiliwe. Diwani aliyeongoza hoja ya kuifuta alikuwa mtoto wa Bibi wa Gesti, sasa mtu mzima mwenye miwani. Hakuwa na ubaya. Alisema mabomba ya maji yamechakaa, hoteli siku hizi zinajaza vyumba zenyewe, na kazi ya kualika mashindano inaweza kufanywa na ofisa mmoja wa jiji. Daktari alijitahidi kujibu, lakini sauti yake ilikuwa imeisha. Mama Filimbi akasimama. Alianza kusimulia habari ya mashuka, akafika kwa yule shangazi wa nahodha, watu wakacheka, yeye akacheka nao, akasahau alikuwa anataka kusema nini. Mwenyekiti akamwambia muda wake umekwisha.

Mikono ilinyooshwa. Ruzuku ikafutwa.

Kwenye varanda diwani alimfuata. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Usinichukie."

"Nikuchukie ya nini? Bomba la mtaa wetu linavuja, na mimi ndiye ninayeruka dimbwi kila asubuhi. Lakini ungeniacha nimalize kusimulia."

Diwani akainamisha kichwa. "Mama yangu alikuwa anaisimulia hiyo. Mimi nililala sakafuni wiki ile, kitanda changu kilichukuliwa na kipa."

"Mpira wa wavu hauna kipa, wewe!"

Wakacheka wote wawili, na Mama Filimbi akalazimika kugeukia ukuta kidogo kufuta macho.

Mwaka uliofuata mashindano ya wavu yalirudi, yakiandaliwa na ofisa wa jiji. Mama Filimbi alikwenda na mume wake, wakakaa katikati ya watu. Katika miaka yote ile hakuwahi kutazama mechi hata moja kuanzia mwanzo hadi mwisho. Daima alikuwa anakimbizana na maji, basi au daktari wa kifundo cha mguu. Seti ya pili alinyanyuka.

"Unakwenda wapi?" seremala aliuliza.

"Kuangalia kama wana maji."

"Kaa, mke wangu. Wameshapewa."

Akakaa. Msichana wa timu ya bluu aliruka, akaupiga mpira kwa mkono wa kushoto, ukatua ndani ya mstari kabisa, na Mama Filimbi akajikuta amesimama, anapiga kelele kwa sauti ile ile ya kupasua mbao, bila kujua hata anashangilia timu ipi.