Nilimpa Mama wa Watu Matokeo ya Timu Iliyokufa

Kosa ni langu. Nalitanguliza mapema kwa sababu nimeshalisimulia mara kadhaa, na kila mara ulimi wangu uliteleza ukaenda kumlaumu mwingine. Leo sitaki. Tangu mwezi uliopita sijatulia, nakaa nasimama, nafungua kibanda nafunga kabla ya wakati. Acha niwaambie ninyi msionijua.

Nina kibanda Kasenga, hapa Uvira. Nachaji simu za watu kwa sola na kuwauzia mega za intaneti. Rafiki yangu wa utotoni nitamwita Wilondja, ingawa si jina lake. Wazazi wake walitoka Makobola wakahamia jirani na sisi, tukacheza mpira pamoja tangu tukiwa peku. Yeye alikuwa na mguu, mimi nilikuwa na mdomo. Mguu ulimfikisha Indonesia, kwenye timu ya kulipwa ya mji mmoja mdogo wa pwani. Mdomo ulinibakisha hapa.

Timu ile ilianzishwa na wafanyakazi wa kiwanda cha sukari, zamani, wakati nao wakitawaliwa na wageni. Jezi yao ni ya kahawia, rangi ya sukari ambayo haijasafishwa. Kabla ya mechi mashabiki wote hupiga mluzi mmoja mrefu, kama king'ora cha kiwanda kinachoita watu kazini. Kiwanda chenyewe kilifungwa siku nyingi, mluzi ukabaki. Wilondja aliponisimulia hayo nilisisimka mwili mzima. Baba yangu alikata miwa Kiliba, na kiwanda cha pale nacho kilinyamaza sisi tukiwa bado wadogo. Nikajiambia hawa ni ndugu zetu, kilichotutenga ni maji tu.

Mdomo ukapata kazi. Nikawa nasoma habari za timu kwenye simu, simu inanitafsiria ovyo ovyo, na palipokosekana neno naweka la kwangu. Jumapili watu walijaa kibandani kunisikiliza. Fundi cherehani akatushonea jezi za kahawia. Vijana wakajifunza ule mluzi. Wakaniita Prezo. Mimi, mchaji simu, mkuu wa mtaa ananiamkia kwanza! Nilipenda, siwezi kuwadanganya.

Shabiki mkubwa kuliko wote alikuwa mama yake Wilondja. Mama anauza ndagala, wale dagaa wa ziwa letu, na simu yake ni ile ndogo ya tochi. Akitaka kumwona mwanawe usoni lazima aje kwangu. Kila Jumapili akitoka misa, hata kabla hajaketi, huuliza: "Timu yetu imecheza namna gani?" Kanisani walimwita Mama Indonesia, naye akijifanya amekasirika.

Ndipo ukaja ujumbe wa sauti wa Wilondja.

Goti lake lilikuwa limeharibika, na timu yenyewe haikuwapo tena. Tajiri mmoja aliinunua, akaihamishia mji mkubwa kwenye kisiwa kingine, akabadilisha jina, rangi na nembo. Wachezaji wengi wa zamani waliachwa. Aliniambia mashabiki wa mji ule walisimama nje ya geti la uwanja wakapiga mluzi wao mpaka pumzi zikawaishia, wala hakuna aliyetoka kuwasikiliza.

"Ndugu, minye iko narudi," alisema kwenye ujumbe ule, kwa Kiswahili chetu cha Uvira ambacho mimi ni "minye". "Sina kontra ya kucheza, sina timu. Minye mwenyewe sitaweza kumuambia mama. Weye uende kwake, umuambie polepole. Nikifika nikute anajua. Niingie tu mu nyumba, nikule, nilale. Ni hilo tu nakuomba."

Nikamjibu asiogope, hiyo ni kazi yangu.

Nilikwenda kweli. Nilimkuta mama anaanika ndagala. Kabla sijasema lolote, akaanza kunieleza kwamba ameota mwanawe amesimama mbele ya umati, na kwamba atamwomba padri misa ya shukrani. Nikamsaidia kugeuza ndagala. Nikarudi nyumbani na ujumbe wote mdomoni, mimi ambaye sijawahi kukosa la kusema.

Nilikwenda tena nikarudi hivyo hivyo. Nilijidai namhurumia. Uongo huo. Nilikuwa najiuliza, timu ikifa, mimi nitakuwa nani hapa Kasenga?

Siku za safari zilipokaribia, Wilondja alimpigia mama kwenye ile simu ya tochi akamtajia siku ya kufika. Mama akapiga vigelegele. Mwenzangu kule akafikiri hiyo ni furaha ya mama aliyekwisha kupokea habari zote na kuzimeza. Akaniandikia: "Asante ndugu yangu. Umenitua mzigo." Nilisoma maneno yale nikaifunika simu juu ya meza.

Mama naye alikuja mbio. "Prezo, mtoto wetu iko nakuja, na weye umenyamaza? Ita bantu!"

Hapo ndipo ningesema. Tulikuwa wawili tu, kibanda kitupu. Nilichosema ni hiki: "Mama, nilitaka kukufurahisha ghafla."

Nikaita watu. Nikaita mpaka fanfari ya kanisa, wale wapiga matarumbeta na ngoma. Tukajazana Kavimvira, mpakani, maana ndege zetu hutua nchi jirani, jezi za kahawia zimefuliwa na kupigwa pasi. Wilondja alivuka na begi moja, mguu anauvuta kidogo. Nikainua mkono, na umati wote ukapiga ule mluzi mrefu.

Nimewahi kuona mtu akipewa habari ya msiba njiani. Uso wake ulikuwa hivyo. Katika watu wote wale alinitazama mimi. Kisha mama yake akamrukia shingoni, naye akatabasamu, maana angefanya nini? Wakampa megafoni. Akasema timu inawasalimia.

Basi na yeye akafungwa na uongo wangu. Kwao wageni hawakukatika. Huyu anataka viatu vya mpira, yule anataka mwanawe atafutiwe timu kulekule. Mama alipika tangu asubuhi, akagawa sahani, hakupata hata nafasi ya kuketi na mtoto wake. Nilimfuata Wilondja nyuma ya nyumba nikaanza kuomba radhi.

"Nilikutuma neno moja," alinikata. "Moja tu."

"Nitamuambia leo."

"Leo? Amekwisha kuchinja mbuzi. Utamuambia alimchinjia nani?"

Baada ya muda Wilondja aliaga kwamba anarudi kazini. Walimsindikiza mpaka mpakani wakiimba. Akavuka, akangoja watu watawanyike, akarudi kimya kimya na kupanda gari la kwenda Kiringye, huko kwenye tambarare ya Ruzizi. Kuna mtu alimpa kipande cha shamba la mpunga alime. Mama anamwombea mwanawe aliye ng'ambo ya bahari, na mwanawe yuko njia hiihii ya Bukavu, mahali ambapo pikipiki inafika kabla ya mchana.

Mimi nilijua, kwa sababu alinihitaji kwa sinema ya kumpigia mama simu ya video. Kila Jumapili alijifungia chumbani na kuziba dirisha, ili ionekane kwamba huko kumekwisha kuwa usiku. Mama akiuliza timu imechezaje, yeye husema, "Prezo atakuambia." Na Prezo alimwambia! Nilikuwa natoa matokeo ya timu ambayo haipo. Tumeshinda, tumetoka sare. Siku moja niliifungisha mabao matatu ili isionekane inashinda sana. Mama akahuzunika juma zima, akashindwa hata kupaza sauti sokoni. Jumapili iliyofuata nikaishindisha.

Mnacheka? Mimi nilikuwa nakonda. Kila mtu wa Kiringye aliyekuja kuchaji simu nilimwona kama askari aliyekuja kunikamata. Nilikuwa naota mechi ambazo sijazitunga bado.

Mwezi uliopita tuko kwenye simu, mama ameishika kwa mikono miwili, ikasikika sauti ya mwanamke nyuma ya mlango wa Wilondja. Alikuwa anapiga kelele kwa Kifuliiru, lugha ya huko tambarare, kwamba mbuzi wameingia kwenye mihogo. Mama anakijua Kifuliiru vizuri, nusu ya wateja wake ni Wafuliiru.

Akanyanyua macho. "Kule Indonesia iko Bafuliiru?"

Wilondja alikwama. Mimi, huu mdomo wangu, nikadakia: "Ndiyo, mama. Timu imesajili mmoja. Golikipa."

Mama alinitazama bila kucheka. "Na mbuzi iko naingia mu muhogo ya golikipa?"

Simu ikakatika. Sijui kama ni mtandao au ni Wilondja aliyekata.

Nikamweleza yote palepale, tangu ujumbe wa kwanza mpaka mabao ya uongo. Nilisema kwa haraka, bila mpango, jasho linanitoka. Haikuchukua hata muda wa kunywa chai. Mama alisikiliza, mikono juu ya mapaja.

"Ile siku alikuja, alikuwa anachechemea?" aliuliza.

"Ndiyo, mama."

"Minye sikuona. Nilipikia bantu yote ya Kasenga. Ye, sijui kama alikula. Weye uliniletea mchezaji. Mwanangu alilala mu nyumba yangu, sikumuona."

Nilitamani anipige kofi. Angenipiga ningelala. Lakini aliniambia tu nitafute pikipiki, kesho nimpeleke.

Tulimkuta Wilondja katikati ya mpunga, suruali ameikunja, amechafuka. Alituona akasimama wima. Mama hakungoja kuonyeshwa njia. Alishuka kwenye tope na kitenge chake cha kanisa, akaenda mpaka kwa mwanawe, akainama kabla ya salamu yoyote akalishika lile goti.

"Iko nauma?"

"Kidogo, mama."

"Kidogo namna gani?"

Akaanza kumweleza. Walisimama pale majini, yeye anaeleza na mama anauliza, kama vile hakuna mtu mwingine Kiringye nzima. Mimi nilibaki juu ya tuta nikishika mfuko wa ndagala aliomletea. Muda ulipita ndipo Wilondja akauliza nani amemwambia.

"Ni huyu," mama alisema.

Mwenzangu alinitazama kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya nyuma ya nyumba. Nilijiandaa kwa matusi, nilikuwa nayastahili.

"Kumbe iliwezekana," alisema.

Hilo tu. Akapokea mfuko, akamshika mama mkono wakaenda kivulini.

Hilo neno ndilo linaloninyima usingizi. Angenitukana ningejitetea. Lakini ni kweli, iliwezekana. Iliwezekana siku ya kwanza tukigeuza ndagala. Maneno yalikuwa machache tu, na mama hakuanguka.

Nimewaeleza na mashabiki wote. Wengine walinirudishia jezi kibandani, wengine bado hawaniamkii. Watoto wakiniona wananipigia mluzi. Hayo nayavumilia. Mama sasa Jumapili yake anaipeleka Kiringye, na nimesikia mwanawe amenenepa kidogo. Kwangu hapiti tena. Nimempigia Wilondja mara nyingi, hapokei, na simlaumu.

Ninyi mnaosoma, nawaomba. Mwenzako akikutuma habari mbaya nyumbani kwao, usidhani amekutuma ukawaumize watu wake. Amekutuma umfungulie mlango, aingie akiwa amechoka, apewe chakula na asiulizwe kitu. Mimi niliufunga mlango ule kwa fanfari na vigelegele.

Na kama sasa hivi uko na neno la mtu mdomoni, unangoja siku nzuri ya kulisema, hiyo siku haiji. Niache hapa, usimalize hata kunisoma. Nenda.