Grisi ya Kumlinda Shemeji

Katika kile kiwanda cha kutia nguo rangi, mwenye sikio la feni alikuwa mmoja tu, na walimwita Mzee wa Feni ingawa mvi zake bado zilikuwa za kutafuta. Feni zilifungwa juu ya chumba cha mapipa, zikivuta mvuke na harufu ya dawa. Zikisimama, watu wa chini wanakohoa mpaka machozi. Basi alikuwa akipanda ngazi, anaweka ncha ya bisibisi ndefu kwenye beringi, ile pete ya chuma inayobeba mhimili wa feni, na mpini wake sikioni, anasikiliza. Ikiunguruma vizuri anaiacha, ikikwaruza anaitia grisi. Kisha anaigusa mota kwa mgongo wa mkono, kama mama anayempima mtoto homa.

Na grisi, jamani, si uji kwamba ukizidisha mtoto atanenepa. Beringi ikishiba imeshiba. Ukiishindilia inachemka, na grisi inajitafutia njia mpaka inaingia kwenye nyaya za mota. Hayo aliyajua vizuri sana. Ndiye aliyemfundisha shemeji yake.

Shemeji huyo alikuwa mdogo wa mkewe, kitinda mimba wa kwao. Mama mkwe alimkabidhi kwa mkono wake mwenyewe, akasema huyu ni wako sasa, asije akatuaibisha. Mzee wa Feni akamwombea kazi, na baada ya mafunzo akampa safu yote ya upande wa madirishani. Shemeji akazipenda feni zile kweli. Alikuwa akipiga mluzi huku anazihudumia, na akimaliza anafuta kila tundu la grisi kwa kitambaa kama anayefuta vikombe vya wageni.

Tatizo lilikuwa moja: alikuwa na mkono mwepesi. Alimaliza mapema, na kwa Mzee wa Feni kazi ya haraka ni nusu kazi. Kwa hiyo shemeji akishuka kwenda kunywa chai, yeye anapanda nyuma yake kimyakimya, anaongeza pampu mbili tatu za usalama. Alijiambia anamlinda, asije mtoto wa watu akaumbuka. Bisibisi hakuiweka sikioni kwanza, na angeiweka angesikia kwamba beringi haidai kitu. Mtu mzima na ujuzi wake wote! Mapenzi yalimtia upofu, na wasiwasi ukamaliza kazi.

Mchana mmoja mota ya madirishani ikatoa moshi na watu wote wakakimbilia nje. Fundi mkuu akaishusha, akaifungua mbele yao. Ndani ilijaa grisi, nyaya zimeungua. Akauliza nani anahudumia feni hii. Shemeji akajibu ni yeye, lakini hazidishi, hakufundishwa hivyo. Akamgeukia Mzee wa Feni amtetee.

Mzee wa Feni akanyamaza kama maji mtungini. Alikwishaelewa kila kitu pale pale, ila aliwaza kibarua chake, akawaza watoto, akawaza jina lake, na alipofumbua kinywa fundi mkuu alikuwa ameshaondoka. Shemeji akaachishwa kazi. Wanasema majuto ni mjukuu. Ya huyu yalizaliwa siku ileile.

Nyumbani mambo yakawa mabaya zaidi. Mkewe alimsema mdogo wake kwa uzembe, akamwomba mumewe radhi kwa aibu waliyomletea. Ile radhi ilimchoma. Shemeji akaacha kuja. Mwishowe Mzee wa Feni akashindwa kuvumilia, akamweleza mkewe, akamweleza fundi mkuu, naye akamfokea na kumwambia nafasi ile imeshapata mtu. Ndipo akaenda chumbani kwa shemeji, ambaye sasa alibeba magunia ghalani, akamkuta anaosha miguu kwenye beseni.

Akamwambia yote, bila kupunguza.

"Tangu lini?" shemeji akauliza.

"Tangu ulipoanza."

Shemeji hakukasirika, na afadhali angekasirika. Alisema kazi si kitu, na hata kule kunyamaza angemsamehe, maana mtu ana watoto. Lakini kilichokuwa kikimtia moyo kwenye magunia ni kwamba feni zake zilikuwa zikienda vizuri kuliko za safu nyingine zote, hata watia rangi walikuwa wakimsifu. Akakausha miguu polepole, kidole kwa kidole.

"Shemeji, zile siku zilipokuwa zinaenda vizuri, ilikuwa kazi yangu au yako?"

Mzee wa Feni alitaka sana kumjibu. Akarudi nyuma kichwani, feni moja baada ya nyingine, akitafuta hata moja aliyowahi kuiacha na grisi ya shemeji yake peke yake.

"Sijui," akasema.