Kutoka Likoni hadi Shanzu Kuliombea Jeneza Njia

Niliondoka Likoni kwa sababu moja tu, na ningependa ieleweke mapema ili msomaji asidhani nilikwenda Shanzu kupunga upepo. Barabara mpya ya ukanda wa uchukuzi, inayokusudiwa kuunganisha bandari, reli na pwani ya kusini, imepita kati ya mtaa wetu na makaburi yetu. Upande huu zipo nyumba na msikiti. Ng'ambo wamelala wafu. Mchoro uliobandikwa penye ofisi ya chifu ulionyesha kwamba tutavukia daraja la juu la waendao kwa miguu, lenye ngazi zinazopinda mara mbili kila upande. Jirani yangu Mzee Bakari, ambaye ameongoza mazishi ya mtaa huu tangu kabla sijahamia, na ambaye sasa maradhi ya moyo hayamruhusu kufika hata msikitini, aliuona mchoro huo katika simu ya mkaza mwanawe, akaagiza niitwe.

"Bwana Afisa," aliniambia, maana ndivyo anavyonitania tangu nilipostaafu, "jeneza halipindi. Wakifika pale kati watanisimamisha wima kama mkungu wa ndizi?"

Nilicheka, yeye hakucheka. Mkewe, Bi Fatuma, amezikwa ng'ambo ile, na kando yake pameachwa nafasi. Mzee alitaka apelekwe huko mabegani mwa watu, kama alivyowapeleka wengine. Maoni ya wananchi yangepokelewa siku moja tu, katika mkutano kwenye hoteli ya Shanzu, kisha michoro ingefungwa. Mimi ni mtu wa magharibi mwa nchi, na ni Mkristo, lakini nimekaa Likoni tangu nilipohamishiwa Mombasa katika idara ya ujenzi, na bega langu linayajua majeneza ya mtaa huu. Siku ya mkutano nilivaa koti, nikatoka.

Kivukoni, kabla jua halijapanda, nilisimama katika umati wa wafanyakazi wa viwandani, wapishi, makarani na wachuuzi. Watu hawa huvushwa kila asubuhi na kurudishwa kila jioni kwa sababu kazi iliwekwa upande mmoja wa maji na vyumba vya kupanga vikaota upande mwingine. Hakuna aliyekusudia iwe hivyo. Hilo ndilo linaloniudhi zaidi.

Changamwe nilifika malori yakiwa yamesimama foleni, madereva wakinywa chai juu ya magurudumu ya akiba. Nilipitia huko kwa kuwa tangazo la mkutano lilielekeza wenye maoni waikague kwanza michoro kamili katika ofisi ya ujenzi, Miritini. Barabara ya pembeni niliyoipita, ambayo lami yake bado ilikuwa nyeusi, ilikuwa imechimbwa tena kupitisha mabomba. Nilimuuliza mmoja wa wachimbaji kwa nini mabomba hayakuitangulia lami. Alinieleza kwa upole kwamba lami ni ya ofisi moja na bomba ni la ofisi nyingine. Katika utumishi wangu ofisi hizo zilikutana kabla ya jembe kugusa ardhi. Sisemi kwamba vikao hivyo vilikuwa na amani, lakini vilikuwapo.

Miritini, ofisi ya ujenzi ilikuwa kibanda cha mabati nyuma ya maegesho ya malori. Karani kijana alinipokea kwa heshima, akanipa kiti, akanieleza kwamba michoro imeshapelekwa Shanzu. Nilimwonyesha tangazo. Akasema tangazo ni la juzi. Nilitaka kujua ni nani aliyeona inafaa kujadili barabara ya kusini katika hoteli ya kaskazini, lakini haikuwa haki kumdai kijana jibu hilo. Nje, mama aliyekuwa akikaanga viazi aliniona nimesimama nikipangusa jasho.

"Baba, usijichoshe," alisema. "Hapa kila mtu huulizia kitu kilichokwisha kuondoka. Hata abiria wa treni."

Nikala viazi vyake nikiwa nimesimama, kisha nikarudi nilikotoka, nikavuka kisiwa, nikaingia Kisauni.

Bombolulu, karibu na karakana za mafundi wenye ulemavu, niliona njia ya miguu iliyojengwa vizuri ikiishia kwenye nguzo ya umeme. Fundi mmoja katika kiti cha magurudumu aliteremka barabarani kati ya magari, akaizunguka nguzo, akapanda tena, uso wake ukiwa mtulivu kama wa mtu aliyezoea. Hasira yake niliibeba mimi mpaka Shanzu.

Shanzu nilifika mkutano umeshaanza. Ukumbi wa hoteli ulikuwa na baridi ya mashine, na mezani palikuwa na maji ya chupa mbele ya viti vilivyo vitupu. Kutoka Likoni tulikuwa wawili, na mwenzangu alikuwa amesinzia. Nilingoja zamu yangu muda mrefu, nikisikiliza habari za makontena, maghala na mwendo wa treni, habari nzuri zote, na sina ugomvi nazo. Nilipoitwa nilisimama, nikaeleza jambo la jeneza kwa utaratibu.

Aliyenijibu alikuwa Mhandisi Wekesa, mwanamume wa makamo, mwenye adabu. Alisema kwa gari la maiti ni mwendo mfupi tu hadi kwenye mzunguko wa barabara, kisha mtu anarudi upande wa pili. Aliposikia lafudhi yangu alitabasamu, akanitazama kama anayemtazama shahidi wake.

"Mzee, wewe ni mtu wa kwetu. Sisi tunasafirisha maiti usiku kucha kwa gari, na tunamzika kwa heshima zote."

"Sisi tunampeleka mbali, ndiyo maana tunahitaji gari," nilimjibu. "Hawa wanampeleka ng'ambo ya njia."

Nikamweleza alichopaswa kuelezwa kabla ya kushika kalamu. Pwani, jeneza la Mwislamu halina wabebaji maalumu. Linatoka mlangoni, na kila mwanamume aliye njiani hulitia bega hatua chache, kisha humpisha mwingine, kwani kubeba ni thawabu. Muuza duka huacha duka. Hata aliyekuwa hasemi na marehemu huja akapokea, na mara nyingi ndipo ugomvi wao unapokwisha. Ukilitia garini, watu hao wote hubaki wamesimama kando ya barabara na mikono mitupu.

Mwenyekiti wa kikao, mama mmoja mwenye sauti ya kuchoka kama yangu, alinishukuru kwa mchango. Nililijua neno hilo. Nililitumia kwa miaka mingi, na maana yake ni kaa chini. Sikukaa. Niliomba ruhusa tuichukue meza ndefu ya wageni iliyokuwa mlangoni, tuipandishe ngazi za hoteli hadi ghorofa ya kwanza, mabegani, bila kuilaza upande wala kuisimamisha. Mwenyekiti alisita, lakini mhandisi, ambaye nadhani alikuwa amechoka kukaa, alivua koti. Tulikuwa wanne: yeye na mimi mbele, na nyuma wahudumu wawili wa hoteli ambao hawakuhitaji kufundishwa namna ya kushika.

Ngazi za mwanzo tulizipanda vyema. Zilipopinda, meza iligonga ukuta wa mbele, na nyuma ikakwama kwenye reli ya ngazi. Tulijaribu kushoto, tukajaribu kulia. Shingo ya mhandisi ilibanwa kati ya mbao na ukuta.

"Baba, maiti ashatoboa ukuta huyo," mhudumu mmoja alisema kwa nyuma, na watu waliokuwa chini wakaangua kicheko.

Mhandisi hakucheka. "Tushusheni taratibu," alisema.

Tuliporudi ukumbini aliufungua mchoro mkubwa, akaukagua. Karibu na njia yetu ya zamani ya kwenda makaburini, chini ya barabara, umechorwa mfereji wa maji ya mvua. Alisema ukiinuliwa na kupanuliwa, upande mmoja yapite maji na upande mwingine wapite watu, jeneza litapita bila kupanda popote. Mwenyekiti alimkumbusha kwamba mfereji ni wa ofisi ya maji, na ofisi ya maji haikualikwa. Niliomba yaandikwe yote mawili: ombi letu na kutoalikwa kwao. Mhandisi aliahidi kwamba zege halitamiminwa kabla hajafika mwenyewe Likoni Jumapili.

Njia ya kurudi sina la kuisifia. Jua lilikuwa kali, magoti yaliniuma, na kivukoni nilikuta umati uleule wa asubuhi ukirudi makwao. Nilichojifunza nakiandika hapa kwa faida ya wanaopanga: ukanda huchorwa na watu wanaotazama kinachopita kwa urefu wake, na anayekatiza huonekana kizuizi, ingawa yeye alikuwapo kwanza. Kibali cha ofisi ya maji, ninapoandika haya, bado hakijatoka. Naenda kukiulizia, na nitaendelea kwenda.

Jumapili, baada ya sala ya alasiri, mhandisi alikuja na mti wa kupimia. Alitaka kujua kimo hasa cha jeneza likiwa mabegani, na wazee wa msikiti wakakubali litolewe tupu. Mwanasha, mkaza mwana wa Mzee Bakari, alinong'ona kwamba ni nuksi kulipitisha jeneza tupu mbele ya mlango wa mgonjwa. Mzee alimsikia. Akaomba kiti chake kitolewe barazani.

"Warefu watangulie," aliagiza. "Mkipima kwa wafupi, mtamvunja mtu kichwa."

Tuliliinua, mhandisi naye akiwa chini ya mbao kwa mara ya pili wiki hiyo. Kisha tukasimama. Hakuna aliyekuwa ametuambia tusimame; ni mazoea tu, kwani katika mtaa huu jeneza haliondoki mpaka Mzee Bakari aseme. Mhandisi aligeuza shingo kutazama kulikoni. Mzee alitutazama mmoja mmoja, akitengeneza kanzu magotini.

"Haya, bismillahi," alisema. "Leo nendeni bila mimi."