Fasihi ya Kijapani Ndani ya Eda

Watu wakisikia kwamba niliwahi kusoma hadithi fupi za Wajapani hudhani nilifika Japani, au angalau nilizipenda hadithi zenyewe. Sikufika, na wala sikuzichagua. Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi mjini Singida, nimejiandikisha kusoma shahada kwa njia ya posta, na mwaka ule mabunda ya masomo mengine ya fasihi hayakufika kituoni kwetu. Lililofika lilikuwa moja tu: hadithi fupi za kisasa za Kijapani, kwa tafsiri ya Kiingereza. Msimamizi wa kituo akatuambia mimi na mwanafunzi mwenzangu tuchukue hilo au tungoje mwaka mwingine. Tukachukua. Madukani wakati ule, baada ya miaka ya uhaba, kila kitu kilikuwa kimerudi, sabuni za kuchagua, redio za Kijapani zimepangwa hadi darini, lakini kwenye vitabu bado tulikuwa watu wa kupokea kilichopo.

Kitabu kilikuwa kimoja. Mwenzangu akakipeleka kwa Mhindi mmoja wa mtaa wa sokoni aliyekuwa ameleta mashine ya fotokopi na kuiweka katikati ya magunia ya sukari. Mashine ilikata maneno ya pembeni mwa kila ukurasa, kwa hiyo mwisho wa kila mstari tulikuwa tunabahatisha. Hadithi zenyewe nazo hazikusaidia. Mtu anasubiri stesheni amrudishie mwenzake mwavuli, mwenzake hatokei, anarudi nyumbani, basi. Inaishia pale ambapo kwetu ndiyo kwanza wasikilizaji wangekuwa wanasogeza vigoda.

Sijamaliza hata hadithi ya pili, mume wangu akafa. Alikuwa mtumishi wa shirika la umma, shirika likafungwa, akaingia biashara ya vitunguu kama wenzake wengi. Alirudi safari na homa, na homa ikamchukua kabla hatujajua ni homa gani. Nikaingia eda nyumbani kwa mama yake, tulikokuwa tunaishi: miezi minne na siku kumi za mjane, ndani ya nyumba, nguo nyeupe, bila manukato wala kuonana na wanaume wasio ndugu.

Na mtihani ulipangwa ndani ya siku hizo. Nikiukosa, mwaka wote wa masomo umepotea, na mimi nilikuwa mjane mwenye watoto wawili na mshahara wa shule ya msingi. Shahada ndiyo ingenipeleka kufundisha sekondari. Sikuwa na mpango mwingine wowote, na sikuwa na nguvu ya kuutafuta.

Mama mkwe wangu alizaliwa kijijini, Mnyaturu, akasilimu alipoolewa na mfanyabiashara aliyetoka pwani, na kwa mila za mjini akawa mkali kuliko waliozaliwa nazo. Hakunikataza kusoma. Alichokataza ni mwenzangu kuniona. Mwenzangu alikuwa mwalimu wa Kiomboi, mtu mzima mwenye kipara na tai moja, aliyekuja kwa basi kila Jumamosi ili tujadiliane, maana mtu hawezi kujadili fasihi peke yake. Ikabidi utafutwe utaratibu. Yeye akakaa barazani juu ya mkeka, mimi nikakaa chumbani nyuma ya pazia la dirisha, na mama mkwe akakaa mlangoni katikati yetu na sinia la choroko za kuchambua.

“Shikamoo mama,” mwenzangu angesema.

“Marahaba. Umekuja tena na Wajapani wako?”

“Nimekuja nao, mama.”

“Kaa hapo hapo. Usisogelee dirisha.”

Basi tungeanza. Kwa kuwa mama mkwe hakupenda watu wazungumze kwa lugha asiyoijua chini ya paa lake, na hapo namwelewa, ilibidi nimtafsirie kila hadithi kwa Kiswahili kabla hatujaijadili. Wanawake waliokuja kunipa pole walipomkuta mlangoni, naye aliwasimulia kwa Kinyaturu. Sijui ilikuwa imebaki nini ilipofika kwao. Mara nyingi nilisikia wakicheka mahali ambapo mimi sikuwa nimeona cha kuchekesha, na kicheko chenyewe ndani ya nyumba ya msiba kilinichosha zaidi.

Hadithi iliyotuangusha ilikuwa ya maji ya kuoga. Familia katika mji mdogo inachemsha maji, inayajaza kwenye pipa kubwa la mbao, na wote wanaoga humo humo, mmoja baada ya mwingine. Anaanza babu, anafuata mwanawe, wanafuata watoto, kisha bibi, na mwisho kabisa mkwe, mke wa yule mwana. Siku moja mkwe anaingia ndani ya maji yaliyokwisha kupoa na hatoki. Wanamwita, anawasikia, haitiki. Hapo hadithi imekwisha.

Mwenzangu alikohoa kule barazani. “Ukame huo, mwalimu. Hakuna jingine.”

Nikamwunga mkono. Ningeachaje? Mimi maji nilinunua kwa ndoo kutoka kwenye mikokoteni, na yeye kwao Iramba alishaona watu wakigombea kisima cha mchanga. Watu wazima wenye akili zao waingie wote kwenye maji yale yale, kama hakuna shida ya maji ni nini?

“Masikini,” alisema mama mkwe. “Kumbe na Ulaya maji ni taabu.”

“Japani siyo Ulaya, mama,” nikasema.

“Ni kule kule.”

Tukaandika kila mtu zoezi lake kuhusu athari za uhaba wa maji katika familia ya Kijapani. Nilijivunia langu. Lilirudi kwa basi kutoka kwa mhadhiri wa Dar es Salaam, limechorwa wino mwekundu, na chini ameandika kwamba hakuna ukame popote katika hadithi hii, na kwamba mvua inanyesha tangu ukurasa wa kwanza. Mvua hiyo tulikuwa tumeisoma, mimi na mwenzangu wote wawili. Tulikuwa tumeiita dalili ya matumaini.

Nilikasirika siku nzima. Nilimkasirikia mhadhiri, mtu wa maji ya bomba. Nikamkasirikia mwenzangu na uhakika wake. Baadaye, mchana mmoja watoto wakiwa shule, nikaisoma upya polepole, na hasira ikageuka kitu kingine. Tulikuwa tumeyashangaa maji kwa sababu yalikuwa mageni kwetu. Zamu hatukuishangaa. Babu, mwana, watoto, bibi, kisha mkwe. Tulizipita zile nafasi kama mtu anavyosoma a, e, i, o, u. Katika nyumba ya mama mkwe mimi nilichemsha maji ya watu wote nikaoga mwisho, nikapakua chakula cha watu wote nikala kilichobaki sufuriani, na haikunijia hata mara moja kwamba mtu anaweza kuandika hadithi juu ya jambo hilo. Nililia kidogo. Sikumlilia mume wangu siku hiyo, nilijililia mwenyewe, na nikaona ni haki yangu.

Jioni nikamwambia mama mkwe tulikosea. Hadithi siyo ya ukame, ni ya yule mkwe, kwamba yeye ndiye wa mwisho kuoga.

Akanitazama. “Sasa aoge wa kwanza?”

Hakuwa anatania.

Mtihani ulipokaribia, shemeji yangu alikuja na shehe wa msikiti wa mtaani kwetu. Shehe alisema mjane mwenye haja ya lazima anaweza kutoka mchana na kurudi kulala nyumbani kwake. Shemeji akasema hilo sawa, lakini watu wa mtaani hawasomi vitabu vya shehe, watasema tu. Mwisho wote wawili wakamwachia mama aamue. Mama hakusema kitu. Siku zikapita, anachambua choroko, anapokea wageni, hasemi. Nilikuwa nimechoka mpaka mifupa. Nilichoka na msiba, na Kiingereza, na pazia, na kumsubiri mtu mmoja afungue mdomo.

Siku moja kabla ya mtihani, baada ya alasiri, aliingia chumbani akaketi kitandani kwangu.

“Unajua kwa nini sisemi?”

“Sijui, mama.”

“Siyo watu. Watu wameshasema mengi juu yangu na bado nipo. Ila wewe ukiwa humu na hizo nguo nyeupe, mwanangu bado ana mke. Eda ikiisha, atakuwa amekufa tu. Ukishapata hicho cheti utachukua watoto uende. Na mimi nitabaki na nani humu ndani?”

Nilikuwa nimejiandaa kumjibu kwa maneno ya shehe. Nilikuwa nimeyapanga vizuri. Nikayaacha.

“Mama, sijasema kwamba nitaondoka.”

“Hujasema. Hata Wajapani wako hawasemi.”

Akatoka. Usiku huo sikujua kama ninakwenda au siendi, nikalala hivyo hivyo.

Asubuhi nilimkuta mlangoni amevaa viatu. Alitangulia, nikafuata nimejifunika, tukapita njia ya nyuma hadi kwenye ukumbi wa mtihani. Watu waliotukuta njiani alianza yeye kuwasalimu, kwa sauti, kabla hawajapata nafasi ya kushangaa. Kwenye ukumbi alichagua ngazi yenye kivuli akaketi. Mwenzangu wa Kiomboi alikuwa keshafika na tai yake. Aliinamisha uso akaangalia chini mpaka nikapita, na nilimshukuru kimoyomoyo.

Niliandika. Kati ya maswali mangapi sikumbuki, lakini moja liliuliza kuhusu wahusika wasiosema wanachokitaka, na kwa hilo nilikuwa na mengi kuliko karatasi. Nilipotoka nje upepo ulikuwa unatimua vumbi na kivuli kilikuwa kimeshahama. Mama mkwe alikuwa amekaa juani, pale pale, amevua viatu.

“Umeweza?”

“Nimeweza, mama.”

“Vizuri?”

“Vizuri.”

Aliokota viatu, akavipangusa vumbi. “Basi utaondoka.”

Ningeweza kusema tutaona, au Mungu akipenda. Ndivyo tunavyosema tukitaka mtu alale na matumaini. Lakini alikuwa amekaa pale tangu asubuhi kwa ajili yangu, na alijua alichokuwa anakisubiri.

“Ndiyo, mama. Nitaondoka.”

Aliitikia kwa kichwa. Alivaa viatu, akanishika bega ili anyanyuke, na aliposimama hakuliachia. Akaivuta shela yangu mbele, akaiweka sawa.

“Haya, twende nyumbani,” akasema. “Eda bado haijaisha.”